Nani Anaitumia Simboli Hii?

Kerneli ya Linux nimeishughulikia nikiwa pande zote mbili. Kwanza nilikuwa mtu wa nje: nilitunza kiendeshi cha kadi ya simu ambacho hakikuwa sehemu ya Linux yenyewe, na kila kerneli mpya ilipotoka nilisubiri kuona kama kitakubali kupakiwa. Baadaye nikawa mtu wa ndani, niliyekabidhiwa kerneli ya kifaa kidogo na kupewa mamlaka ya kuamua simboli zipi zibaki wazi kwa moduli za nje na zipi zifungwe. Nimetoka huko na msimamo mmoja ambao naushikilia kwa dhati. Simboli iliyoachwa wazi ni ahadi, na ahadi haitunziki kama hajulikani anayeitegemea.

Nieleze kidogo kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kuifungua kerneli. Hii ndiyo programu ya msingi ya mfumo endeshi: inagawa kumbukumbu ya kompyuta, inapanga zamu za programu kwenye prosesa, inazungumza na diski na kadi za mtandao. Ya Linux imeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya C, na ndani yake kuna fankisheni maelfu kwa maelfu zinazoitana zenyewe kwa zenyewe. Moduli, yaani kipande cha msimbo kinachoongezwa kwenye kerneli, ina masharti tofauti. Yenyewe hupakiwa baadaye, kerneli ikiwa tayari inafanya kazi, na huruhusiwa kuita fankisheni zile tu ambazo mwandishi wa kerneli aliziwekea mstari wa EXPORT_SYMBOL. Mstari huo huingiza jina na anwani ya fankisheni kwenye jedwali maalumu; jina lililoingizwa humo ndilo simboli iliyo wazi. Moduli inapopakiwa, kerneli hulitafuta katika jedwali hilo kila jina ambalo moduli inalihitaji. Jina likikosekana, moduli inarudishwa, na kwenye taarifa za mfumo unaachiwa maneno "Unknown symbol", jina lenyewe, na alama ya kosa -2, maana yake hakuna kitu kama hicho.

Nyumba za kale za Lamu na Zanzibar zina baraza nje ya mlango. Mgeni hupokewa pale, hunywa kahawa yake pale, na mwenye nyumba anaweza kuhamisha kitanda, kubomoa ukuta wa ndani au kubadili jiko bila kumwomba mgeni ruhusa. Jedwali la simboli ni baraza la kerneli. Kadiri linavyotanuka kuelekea ndani, ndivyo mwenye nyumba anavyobakiwa na pembe chache za kubadilisha.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, katika kituo cha kupokea simu za wateja. Simu ziliingia kwa laini za E1, kila laini ikibeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja, kupitia kadi iliyochomekwa kwenye seva. Kiendeshi cha kadi kilitoka kwa mtengenezaji. Sehemu yake ilikuwa msimbo wa wazi tuliokompaili wenyewe, na sehemu nyingine ilikuwa faili lililokwisha kukompailiwa, ambalo hatukuweza kulisoma wala kulirekebisha. Baada ya masasisho fulani ya usalama, seva iliwaka vizuri, diski zikaonekana, mtandao ukaitika, lakini kadi ikawa kama haipo. Moduli ilikuwa imekataliwa.

Fundi wetu mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipomfuata na kumwambia, "Kaka, kadi haipandi," hakuuliza tumebadilisha nini.

"Niletee majina ambayo moduli inayaomba," akasema. "Halafu tutazame lipi halipo."

Akanionyesha amri ya nm, ambayo ukiiongezea -u hukuorodheshea kila jina ambalo moduli inalitegemea lakini yenyewe haina. Kisha tukafungua Module.symvers, faili linalozaliwa kerneli inapokompailiwa, lenye kila simboli iliyo wazi katika kerneli ile. Tukalinganisha. Jina moja tu lilikuwa limekosekana. Hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote: akafungua msimbo mzima wa kerneli ile mpya na kulitafuta jina hilo, ili tuone nani mwingine alikuwa analitumia.

Hapakuwa na mtu. Fankisheni ilikuwa bado ipo, ikiitwa na faili jirani ndani ya kerneli, lakini hapakuwa na moduli hata moja ndani ya mti mkuu wa Linux, yaani msimbo wake rasmi, iliyoihitaji. Wasanifu walikuwa wameufuta mstari wa EXPORT_SYMBOL na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa.

"Wameifunga kwa haki," akasema. "Kwao, sisi hatupo."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu wateja walikuwa wanapiga na simu hazipokelewi. Lakini yalikuwa kweli, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona ukweli huo ulivyo mpana. Linux ina kanuni mbili zinazoelekea pande tofauti. Programu za kawaida za mtumiaji zinalindwa kwa ukali sana: programu iliyofanya kazi jana lazima ifanye kazi leo, na msanifu anayevunja kanuni hiyo hukemewa mbele ya wote. Ndani ya kerneli hakuna ulinzi wa namna hiyo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu, aliandika waraka ambao umo ndani ya nyaraka za kerneli yenyewe, stable-api-nonsense, akieleza kwa nini viunganishi vya ndani havitagandishwa. Anayetaka usalama, waraka unasema kwa ufupi, alete kiendeshi chake ndani ya mti mkuu. Kikishaingia, yeyote anayebadilisha fankisheni analazimika kurekebisha na wote wanaoiita. Kikibaki nje, mzigo ni wa mwenyewe.

Zamani orodha ya simboli zilizo wazi ilikuwa rahisi kuiona. Enzi za toleo la 2.4 simboli nyingi za msingi zilitangazwa katika faili moja, kernel/ksyms.c, na ungeweza kulisoma ukajua mlango u wazi kiasi gani. Baadaye kila tangazo likahamishiwa kando ya fankisheni yake. Ni mpangilio mzuri zaidi kwa sababu mwandishi wa fankisheni ndiye anayejua inastahili nini. Lakini orodha nzima ikatoweka machoni, na vitu visivyoonekana huongezeka bila kukaripiwa. Mtu anaandika fankisheni, anaweka EXPORT_SYMBOL kwa mazoea, moduli aliyokuwa ameikusudia inafutwa baada ya miaka, na mstari unabaki peke yake.

Mwaka 2006, katika toleo la 2.6.18, palijaribiwa njia ya kati. Simboli zisizo na mtumiaji ziliweza kuwekewa EXPORT_UNUSED_SYMBOL: zinabaki, lakini moduli ya nje ikizitumia, kerneli inatoa onyo kwamba zitaondolewa. Wazo lilikuwa la huruma, na naliheshimu kwa hilo. Mwaka 2021, toleo la 5.12, Christoph Hellwig aliuondoa utaratibu wote, maana ndani ya kerneli hapakuwa tena na simboli hata moja iliyoutumia. Sidhani ulishindwa kwa sababu ya ubovu wa wazo. Onyo lilichapishwa kwenye taarifa za mfumo za seva ya mtu ambaye hakuandika kiendeshi, hamjui aliyekiandika, na hana namna ya kumfikishia habari. Nimekuwa mtu huyo. Nimepita mistari ya maonyo mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kadi ikiendelea kupokea simu.

Kule Dar es Salaam tulipata nafuu kwa njia nyingine. Kuna kampuni zinazosambaza Linux ambazo hukubali kubeba ahadi ambayo mti mkuu unaikataa. Red Hat, kwa mfano, huchagua orodha ya simboli na kuahidi kwamba hazitabadilika kwa uhai wote wa toleo kubwa la mfumo wake, hata masasisho yakija. Moduli inayotumia simboli za orodha hiyo peke yake inaweza kuhama kutoka kerneli moja hadi nyingine bila kukompailiwa upya. Ulinzi wake unategemea nambari ya ukaguzi: kwa kila simboli, wakati wa kukompaili, hukokotolewa nambari kutokana na umbo la fankisheni na la miundo ya data inayoigusa. Uga mmoja ukiongezwa ndani ya muundo, nambari inabadilika, na moduli ya zamani inakataliwa kabla haijaandika data mahali pasipo pake. Wahandisi wapya huuchukia ujumbe wa "disagrees about version of symbol". Mimi huushukuru. Nimeona seva iliyoruhusiwa kupakia moduli kwa nguvu, ukaguzi ukiwa umezimwa, na jinsi ilivyoharibu kumbukumbu polepole hadi data ya malipo ikawa haiaminiki tena.

Watu wengi hufikiri simboli hufungwa kwa sababu ya leseni tu. Leseni imo. Tangu mwaka 2001 kuna EXPORT_SYMBOL_GPL, inayofungua fankisheni kwa moduli zilizotangaza leseni inayolingana na GPL, leseni ya Linux yenyewe, na kuzinyima nyingine zote. Mwaka 2012 mhandisi wa NVIDIA aliomba simboli za dma-buf, njia ya kugawana kumbukumbu ya picha kati ya viendeshi, ziondolewe sharti hilo. Alan Cox, aliyekuwa na hakimiliki katika msimbo wa kerneli, alikataa. Mwaka 2020 ukazibwa mwanya mwingine: watu waliweka moduli nyembamba ya GPL katikati, ikachukua simboli zilizozuiwa na kuzipitisha kwa moduli iliyofungwa nyuma yake. Kuanzia toleo la 5.9, moduli inayotumia simboli za moduli iliyofungwa hupoteza yenyewe haki ya kuzifikia simboli za GPL.

Lakini simboli nyingine zilifungwa kwa sababu zilikuwa hatari mikononi mwa yeyote. Jedwali la miito ya mfumo, sys_call_table, lilifungwa mwaka 2002. Kabla ya hapo moduli yoyote iliweza kuondoa anwani ya mwito wa kufungua faili na kuweka yake. Wadukuzi walilipenda sana jedwali hilo, na hata programu halali kama OpenAFS zililitegemea. Hakuna njia salama ya kubadili anwani ile wakati prosesa nyingine zinaisoma, na moduli mbili zikibadilishana zamu ya kuweka na kuondoa, ya mwisho kutoka huacha kerneli ikiruka kwenye anwani ya kitu kisichopo.

Kisa cha kallsyms_lookup_name ni cha ukoo huo huo. Fankisheni hiyo hupewa jina la simboli yoyote na hurudisha anwani yake, iwe wazi au imefungwa. Kwa hiyo ilipokuwa wazi, kila kufuli nyingine ilikuwa bure. Will Deacon aliifunga katika toleo la 5.7, Mei 2020, baada ya kuthibitika kwamba hakuna moduli ya ndani inayoihitaji. Wajanja hawakukaa siku nyingi kabla ya kugundua kwamba kprobe, chombo cha uchunguzi, kinaweza kuwapa anwani ile ile kwa mlango wa nyuma. Njia hiyo nimeikuta katika bidhaa za ulinzi zinazouzwa kwa mabenki. Bidhaa inayodai kuilinda seva kwa kuvunja kufuli za kerneli siwezi kuipitisha, na nimewaambia wauzaji hivyo uso kwa uso.

Mfano unaonitesa zaidi ni wa ZFS. Katika toleo la 5.0, mwaka 2019, simboli ya __kernel_fpu_begin ilifungwa. Iliruhusu msimbo wa kerneli kutumia kwa muda rejista kubwa za prosesa, zile zinazofanya hesabu nyingi kwa mkupuo. Ndani ya mti mkuu alikuwa amebaki mtumiaji mmoja tu, naye aliweza kutumia kernel_fpu_begin, ambayo ni ya GPL. Kwa kipimo cha fundi wetu wa Dar es Salaam, ilifungwa kwa haki. Ila ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili uliozaliwa Sun Microsystems, una leseni ya CDDL na hauwezi kuingia ndani ya mti mkuu wala kuitumia simboli ya GPL. Ghafla hesabu zake za kukagua usahihi wa data na za usimbaji fiche zikarudi kwenye njia ya polepole. Kiraka kilichoifunga simboli hiyo kikapelekwa pia kwenye matoleo ya 4.14 na 4.19 yanayotunzwa kwa muda mrefu, kwa hiyo hata waliokaa palepale kwa makusudi walifikiwa.

Walioumia hawakuwa wamechagua leseni ya mtu. Walikuwa watunzaji wa hifadhi, maabara, vyuo, watu waliochagua ZFS kwa sababu inagundua data iliyoharibika kimyakimya. Watunzaji wa ZFS hatimaye waliandika njia yao wenyewe ya kuhifadhi na kurejesha rejista zile. Nasimama na wasanifu wa kerneli katika kisa hiki, kwa sababu kama wangeibakiza simboli moja kwa ajili ya mtu wa nje, hawangekuwa na sababu ya kumkatalia wa pili. Lakini kusimama nao hakunizuii kusema kwamba mwenye haki anaweza pia kutaja, ndani ya kiraka chake, nani ataumia. Mstari mmoja wa maelezo ungewapa watu hao muda wa kujiandaa.

Fursa ya kuyafanya hayo mwenyewe niliipata Arusha. Kampuni ndogo ilitengeneza kifaa cha kupima na kudhibiti umeme wa jua, chenye prosesa ya bei nafuu na hifadhi finyu, na nikapewa kerneli yake. Nafasi ilikuwa adui wetu wa kwanza. Hapo nikaijua vizuri TRIM_UNUSED_KSYMS, mpangilio ulioingia kwenye toleo la 4.7 mwaka 2016 kwa kazi ya Nicolas Pitre. Unapouwasha, kerneli hukagua moduli zote zinazokompailiwa pamoja nayo, hukusanya majina zinayoyahitaji, na kufunga mengine yote. Faida si kupungua kwa jedwali peke yake. Fankisheni iliyo wazi haiwezi kuondolewa na kompaila hata kama haiitwi popote, kwa kuwa huenda moduli fulani ikaja kuiita kesho. Ukiifunga, kompaila hupata uhuru wa kuiondoa au kuiyeyusha ndani ya ile inayoiita.

Ila mpangilio huo haumjui mtu wa nje. Moduli isiyokompailiwa pamoja na kerneli haihesabiwi. Ndiyo maana mwaka 2020 Quentin Perret aliongeza uwezo wa kuipa kerneli faili la majina ya kubakizwa, na hilo faili ndilo lililogeuka kuwa kazi yangu. Dada mmoja tuliyefanya naye kazi ndiye aliyependekeza sheria ambayo hatukuivunja: hakuna jina linaloingia kwenye orodha bila kuandikwa kando yake moduli inayolihitaji, mwenye moduli hiyo, na sababu.

"Kaka, wakituletea jina tupu, nalirudisha," alisema, na alilirudisha kweli, hata lilipotoka kwa wakubwa.

Mtihani ulikuja na msambazaji wa modemu ya simu za mkononi. Kiendeshi chake kilikuwa cha nje, na barua yake ya kwanza iliomba simboli kwa kurasa. Tulimwomba atume matokeo ya nm -u ya moduli yake ilivyo, na kurasa zikapungua hadi kufikia kiasi cha kusomeka kwa kikao kimoja. Nyingi hazikuwa na ubishi. Mbili zilitushughulisha.

Ya kwanza ilikuwa filp_open, fankisheni ya kufungua faili kutoka ndani ya kerneli. Kiendeshi kiliitumia kusoma vipimo vya antena kutoka kwenye faili la mipangilio. Kerneli haijui faili hilo liko wapi, kama diski imeshaunganishwa, wala nani ana ruhusa ya kuliandika. Google waliikuta tabia hii kwa viendeshi vingi vya simu hadi katika kerneli yao ya Android wakaziweka simboli za mafaili chini ya kundi la majina linaloitwa VFS_internal_I_am_really_a_filesystem_and_am_NOT_a_driver. Mtu anayetaka kuzitumia analazimika kuandika ndani ya moduli yake, kwa herufi zote hizo, kwamba yeye kweli ni mfumo wa mafaili na si kiendeshi. Sisi tulimwelekeza msambazaji kwenye request_firmware, njia iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kuletewa data kutoka nje. Alibadilisha. Kiendeshi chake kikawa kifupi zaidi.

Ya pili ilikuwa sched_setscheduler, na hapa nakaa kidogo kwa sababu hakuna mfano mzuri kuliko huu. Kwa fankisheni hiyo, kiendeshi kingeweza kuipa kazi yake kipaumbele cha nambari yoyote, 1 hadi 99. Kila mwandishi wa kiendeshi alichagua nambari aliyoiona inafaa: huyu 50, huyu 99 kwa sababu kazi yake ni muhimu. Lakini kipaumbele ni uhusiano kati ya kazi zote za kifaa kimoja, na anayezijua zote ni mwenye kifaa peke yake. Mwandishi wa kiendeshi cha modemu hana habari kwamba kwetu kuna kazi ya kukata umeme betri inapopata joto kupita kiasi, na kwamba hiyo haipaswi kusubiri nyuma ya ujumbe wa simu. Mwaka 2020, katika toleo la 5.9, Peter Zijlstra aliifunga simboli hiyo na kuacha wazi fankisheni kama sched_set_fifo na sched_set_fifo_low, ambazo hazipokei nambari kabisa. Kiendeshi kinasema tu kwamba kina haraka, au kina haraka kiasi. Nambari inabaki kwa mwenye kifaa.

Msambazaji alilalamika kwamba tunamnyima uwezo. Nilimweleza habari ya betri. Hakuwa ameijua, na angeijuaje? Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba kufunga simboli kunaweza kurudisha uamuzi kwa mtu mwenye taarifa za kuufanya, na kwamba mazungumzo yale hayangetokea kama orodha yetu ingekuwa wazi kwa kila jina. Moduli ingepakiwa, ingefanya kazi, na betri ingesubiri.

Utaratibu wetu mdogo unafanana na ule uliomo ndani ya simu nyingi zinazouzwa Kariakoo leo. Simu zilizotoka na Android 12 zikiwa na kerneli ya 5.10 au mpya zaidi hutumia kerneli moja ya Google, na viendeshi vya mtengenezaji hubaki kuwa moduli pembeni. Kila mtengenezaji hupeleka orodha ya simboli anazozihitaji, orodha huwekwa hadharani pamoja na msimbo, na baada ya tarehe ya kugandishwa hazivunjwi. Kisichoombwa hakipo. Mtu akitaka kujua modemu ya simu fulani inategemea nini ndani ya kerneli, anaweza kusoma. Hilo ndilo linalonivutia katika mpango huo kuliko ukubwa wake: mtumiaji wa nje, aliyekuwa hayupo machoni pa wasanifu, sasa ana jina na mstari wake.

Mti mkuu nao unaelekea huko kwa mwendo wake. Tangu toleo la 5.4, mwaka 2019, simboli zinaweza kugawanywa katika makundi ya majina, na moduli lazima itangaze kundi inaloliingia. Mwaka 2025 Peter Zijlstra aliongeza njia ya kutaja moduli yenyewe: simboli inafunguliwa kwa kvm, kwa mfano, na mwingine akiigonga hapewi. Jibu la swali alilonifundisha fundi wetu linaandikwa sasa ndani ya tangazo lenyewe, kando ya fankisheni, ambapo atakayetaka kuibadili ataliona kabla hajagusa kitu.

Orodha ya Arusha bado ninaipitia kila tunapohamia toleo jipya. Tunaanza na mwenye moduli: kama barua pepe yake haijibiwi, majina yake yanawekwa kwenye fungu la kusubiri, na kerneli ya majaribio inakompailiwa bila hayo. Msambazaji wa modemu ameanza kuwasilisha kiendeshi chake kwenye mti mkuu. Watunzaji wa sehemu ya mtandao ya kerneli wamemrudishia mara kadhaa, wakimtaka afute msimbo unaofanya kazi ambayo kerneli tayari inaifanya, naye anafuta. Kikikubaliwa, nitafuta mistari yake yote kwenye faili letu, maana kiendeshi kitakompailiwa pamoja na kerneli na TRIM_UNUSED_KSYMS itayaona mahitaji yake bila mimi kuiambia.